Mavazi Meusi Si Jinai

Kila mwaka, wakati wa sikukuu ya Pentekoste, mji wa Leipzig nchini Ujerumani hupokea wageni wapatao 20,000 waliovaa nguo nyeusi kuanzia utosini hadi nyayoni. Wapo waliopaka nyuso zao weupe wa maiti, wapo waliovaa magauni mapana ya enzi za Malkia Victoria, na wapo waliotundika misalaba na popo wa chuma vifuani. Mgeni asiyearifiwa anaposhuka stesheni huweza kudhani kwamba kuna mazishi ya mtu mashuhuri. Mazishi hayapo. Hao ni mashabiki wa roki mbadala, yaani ule muziki wa roki uliokua kando ya vituo vikubwa vya redio na makampuni makubwa ya sahani, na hasa tawi lake la simanzi na giza liitwalo goth. Aghalabu mashabiki hao ni wapenzi wa filamu za kutisha pia. Mkutano wao uitwao Wave-Gotik-Treffen ulianza mwaka 1992 ukiwa na watu kama 2,000, na tangu hapo umefanyika kila mwaka isipokuwa 2020 na 2021, miaka ya Uviko-19.

Siku ya Ijumaa watu hao hukusanyika katika bustani iliyopewa jina la Clara Zetkin, yule mwanamapinduzi aliyetetea haki za wanawake, wakatandika vitambaa majanini na kula chakula pamoja. Tiketi ya mkutano huwaruhusu kupanda tramu za mji bila nauli nyingine, basi hukaa bega kwa bega na vikongwe waendao sokoni, na wala hakuna anayeshtuka. Wenyeji wamewazoea.

Swali linalowahusu walimu na watumishi wa umma ni hili: je, kijana mmoja wa namna hiyo akitokea mlangoni pa ofisi au darasani, mwenye dhamana humwona vipi? Historia ya miaka 50 iliyopita, katika nchi za mifumo mbalimbali ya siasa, inaonyesha kwamba mara nyingi mno wenye dhamana walimwona mhalifu kabla hajatenda kosa lolote.

Kwanza yafaa ieleweke ni kitu gani kinachowaunganisha watu kwa njia ya vitisho. Jambo hili si geni hata kidogo katika jamii za Afrika Mashariki. Watoto waliomzunguka bibi usiku, wakaitikia "Pakawa!" kwa sauti kubwa, walikuwa wakisubiri zimwi. Zimwi lilipofika, kila mtoto alimsogelea mwenziwe, akamshika mkono, na asubuhi wote wakachekana kwa woga wa usiku uliopita. Watoto wa ukoo mmoja walifahamiana vizuri zaidi kwa zimwi kuliko kwa mawaidha. Filamu ya kutisha hufanya kazi ile ile katika ukumbi wenye giza. Woga hupandisha mapigo ya moyo, hatari yenyewe haipo, na watu wasiofahamiana hutoka wakizungumza kama waliookoka pamoja.

Mfano ulio bora ni filamu iitwayo The Rocky Horror Picture Show, iliyotoka mwaka 1975, ambayo ni mchanganyiko wa roki, vitisho na mzaha. Mwanzoni haikupata watazamaji. Mwaka 1976 ukumbi wa Waverly katika jiji la New York ukaanza kuionyesha usiku wa manane, na watazamaji wakaanza kuijibu filamu: wakarusha mchele kwenye onyesho la arusi, wakajifunika magazeti wakati wa mvua, wakavaa kama wahusika. Mjini Munich ukumbi wa Museum-Lichtspiele umekuwa ukiionyesha tangu 1977. Kwa miaka yote hiyo watu hawakuwa wakifuata hadithi, kwa kuwa hadithi wanaijua kwa moyo. Walikuwa wakifuatana wao kwa wao.

Muziki nao uliingia katika udugu huo kwa mlango huo huo. Mwaka 1979 vijana wanne wa Northampton, Uingereza, waliojiita Bauhaus kwa kufuata jina la chuo mashuhuri cha sanaa cha Ujerumani, walitoa wimbo wa zaidi ya dakika tisa ulioitwa "Bela Lugosi's Dead". Wimbo huo huhesabiwa na wengi kuwa mwanzo wa goth. Lugosi aliyetajwa ni yule mwigizaji wa Dracula katika filamu ya mwaka 1931, aliyefariki 1956 na kuzikwa akiwa amevishwa joho la mhusika wake. Ni wachache wakumbukao kwamba Lugosi huyo huyo alikuwa mwanaharakati wa chama cha wafanyakazi waigizaji huko Hungaria, na kwamba alilazimika kuikimbia nchi yake baada ya serikali ya kimapinduzi ya 1919 kuangushwa. Mnyonya damu aliyeogopwa na Marekani nzima alikuwa mwana chama cha wafanyakazi! Hata hivyo, jambo kubwa hapa ni kwamba tangu wimbo ule, shabiki wa muziki huu na shabiki wa filamu za kutisha wamekuwa wakikutana katika ukumbi mmoja, wakisoma vijarida vya namna moja, na kutambuana barabarani kwa mavazi.

Udugu huo ulipimwa Leipzig mwaka 2000. Mkutano ukiwa katikati, waandaaji walifilisika, fedha za kulipa wanamuziki na walinzi zikakosekana, na maelfu ya wageni walikuwa tayari mjini. Katika mikusanyiko mingi ya muziki hali kama hiyo huzaa ghasia na uporaji. Huko Leipzig baadhi ya bendi zilipanda jukwaani bila malipo, na wahudhuriaji wenyewe wakajitolea kusaidia kazi zilizobaki. Mwaka uliofuata mkutano ulifanyika chini ya waandaaji wengine. Mtu anayetaka kujua kama vijana hao wana nidhamu na afahamu siku zile kwanza, ndipo atazame rangi ya nguo zao.

Leipzig si mji mgeni kwa Tanzania. Katika enzi za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Ujerumani, nchi iliyosaidia kujenga nyumba za ghorofa za Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964, vijana wengi wa Kiafrika walipitia Taasisi ya Herder mjini humo kujifunza Kijerumani kabla ya kwenda vyuoni. Nchi hiyo ilikuwa na mengi ya kujivunia katika elimu. Katika suala la vijana hawa, hata hivyo, ilitoa somo la namna mbili zinazopingana, na somo hilo linastahili kuangaliwa kwa makini na kila mtumishi wa umma.

Katika miaka ya 1980 walitokea huko vijana waliojulikana kwa jina la Grufti, linalotokana na neno la Kijerumani lenye maana ya chumba cha kuzikia wafu. Madukani hapakuwa na nguo walizozitaka, hivyo walizishona wenyewe na kuzitia rangi nyeusi. Sahani za bendi kama The Cure zilikuwa adimu, hivyo walirekodi kutoka redioni na kupeana kanda mkono kwa mkono. Redio yenyewe ya vijana ya taifa, DT64, ilikuwa na kipindi kilichopiga albamu ili wasikilizaji wapate kuzirekodi majumbani. Walikutana makaburini na kwenye magofu, kwa kuwa huko ndiko walikopata nafasi ya kukaa bila kufukuzwa. Hapakuwa na silaha, wala hapakuwa na ilani ya kuipindua serikali. Palikuwa na kanda, mishumaa, na maongezi marefu juu ya mauti, jambo ambalo vijana wa miaka 17 huliwaza kila mahali duniani, wawe wamevaa nyeusi au sare za shule.

Wizara ya Usalama wa Taifa, iliyojulikana kama Stasi, ilifungua majalada. Iliwaweka vijana hao katika kundi moja na mapanki na wapenzi wa hevi metali, chini ya anwani ya vijana hasi na waliopotoka. Wakapachikiwa wapelelezi, mara nyingine kutoka miongoni mwa rafiki zao wenyewe, na hapo ndipo madhara makubwa yalipotokea. Kijana aliyekuwa na kundi moja tu la kuaminiana nalo alifanywa atilie shaka kundi hilo. Serikali haikupata siri yoyote ya maana, kwa sababu siri haikuwapo. Kilichopatikana ni orodha za mitindo ya nywele.

Namna ya pili ilitoka kwa jumuiya ya vijana ya chama tawala, FDJ. Mwaka 1987 shirika la sahani la nchi hiyo, Amiga, lilitoa sahani ya Depeche Mode, bendi ya Kiingereza iliyopendwa sana na vijana wa mavazi meusi. Tarehe 7 Machi 1988 FDJ ikaileta bendi hiyo Berlin Mashariki katika ukumbi wa Werner-Seelenbinder, kama sehemu ya kusherehekea siku ya kuzaliwa kwa jumuiya. Vijana waliimba nyimbo zote kwa Kiingereza, wakarudi makwao, na siku ya pili wakaenda kazini. Jumuiya ya vijana ilikuwa imeelewa jambo ambalo idara ya upelelezi haikulielewa: kwamba mapenzi ya muziki si chama cha siasa. Ni huzuni kwamba uelewa huo ulikuja wakati umri wa nchi yenyewe ulikuwa umebaki miaka miwili na nusu tu.

Asije mtu akadhani kwamba hayo ni maradhi ya nchi za kijamaa peke yake. Uingereza, ambayo hupenda kujitangaza kuwa mama wa uhuru wa maoni, ilipatwa na homa hiyo hiyo katika miaka ya 1980. Magazeti yalipiga kelele juu ya kanda za video za kutisha, na Mkurugenzi wa Mashtaka akatoa orodha ambayo kwa jumla ilifikia filamu 72, zikiwamo 39 ambazo mashtaka yake yalifanikiwa mahakamani. Filamu ya The Evil Dead ilikuwamo katika orodha. Polisi walivamia maduka na kuchukua kanda. Bunge likapitisha Sheria ya Kanda za Video ya 1984. Mashabiki wakaanza kuandikiana barua, wakabadilishana nakala za nakala, na kutoa vijarida vilivyopigwa kwa mashine za kudurufu. Kwa maneno mengine, marufuku iliwapa sababu ya kutafutana. Naam, pana kichekesho ambacho mtumishi wa ofisi yoyote atakielewa upesi kuliko watu wengine. Mwaka 2009 iligunduliwa kwamba wakati sheria ile ilipopitishwa, maofisa hawakuiarifu Tume ya Ulaya kama walivyotakiwa, na kwa hiyo ilikuwa haiwezi kutekelezwa mahakamani. Robo karne ya mashtaka ilikuwa imekalia barua moja isiyopelekwa! Sheria ilibidi ipitishwe upya mwaka 2010.

Huko Marekani hapakuwa na kichekesho. Mwaka 1993 watoto watatu wa miaka minane waliuawa katika mji wa West Memphis, jimbo la Arkansas. Mwaka uliofuata vijana watatu walitiwa hatiani, mmoja akahukumiwa kifo. Uthabiti wa kesi ulitegemea maungamo ya mmojawapo, kijana mwenye akili pungufu aliyehojiwa kwa saa nyingi, na pembeni yake vikapangwa vitu ambavyo mwalimu yeyote anaweza kuvikuta katika chumba cha mwanafunzi: nguo nyeusi, nyimbo za Metallica, vitabu vya Stephen King. Baraza la wazee wa mahakama lilielezwa kwamba hizo ni dalili za ibada ya Shetani. Vijana hao walikaa gerezani miaka 18. Vipimo vya vinasaba vilivyofanywa baadaye havikuwahusisha na mahali pa mauaji, na mwezi Agosti 2011 waliachiwa kwa utaratibu wa sheria unaomruhusu mtu kukiri mbele ya mahakama huku akiendelea kusema hana kosa. Miongoni mwa waliowasaidia kwa fedha na kwa sauti katika miaka hiyo alikuwamo Eddie Vedder, mwimbaji wa Pearl Jam, moja ya bendi kubwa za roki mbadala. Mashabiki wa kawaida walichanga pia, wakaandika barua, wakahudhuria vikao vya mahakama. Ule udugu wa muziki na vitabu vya kutisha uliotumiwa kuwafunga ndio uliosaidia kuwatoa.

Na mwaka 2007, katika mji mdogo wa Bacup huko Lancashire, Uingereza, msichana wa miaka 20 na mchumba wake walishambuliwa na kundi la vijana katika bustani ya umma usiku. Msichana alijaribu kumkinga mchumba wake aliyekuwa amelala chini, naye akapigwa mpaka akafariki siku chache baadaye. Hawakuwa wamegombana na mtu. Kosa lao lilikuwa mavazi ya goth. Jaji aliyehukumu alitamka kwamba hicho kilikuwa kitendo cha chuki. Polisi wa Greater Manchester, kuanzia 2013, wakaanza kuandikisha mashambulizi ya namna hiyo katika daftari moja na yale yanayofanywa kwa sababu ya rangi au dini.

Sasa, haitakuwa haki kuwapaka mashabiki hawa rangi ya malaika. Wapo walimu wanaosema kwamba kijana anayejizungushia mafuvu na nyimbo za mauti hawezi kuwa na moyo mtulivu, na kauli yao haikosi msingi. Mwaka 2015 jarida la utabibu la Lancet Psychiatry lilichapisha uchunguzi uliofuatia vijana 3,694 wa sehemu za Bristol, Uingereza. Waliojitambulisha sana na goth wakiwa na miaka 15 walionekana, walipofika miaka 18, kuwa katika hatari ya huzuni ya kiafya mara tatu kuliko wasiojitambulisha nayo, na hatari ya kujidhuru mara tano. Takwimu hizo ni nzito. Lakini wachunguzi wenyewe walionya kwamba hawakuthibitisha kuwa goth ndiyo iliyosababisha maradhi. Yawezekana kwamba kijana aliyekwisha kujeruhiwa, aliyetengwa na wenziwe au kuonewa, ndiye anayekwenda kutafuta kundi litakalompokea bila kumwuliza kwa nini hacheki.

Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya mlinzi na mwalimu. Mlinzi akiona ishara ya hatari hufunga lango. Mwalimu akiiona ishara hiyo hiyo hupata habari ambayo kijana mwenyewe hakuweza kuitamka. Kumvua koti jeusi na kumrudisha nyumbani ni sawa na kuvunja kipimajoto kwa sababu mgonjwa ana homa. Tena kuna upande wa pili wa utafiti. Mwaka 2021 Coltan Scrivner na wenzake walichapisha matokeo ya kuwauliza watu 310 namna walivyolipokea janga la Uviko-19. Mashabiki wa filamu za kutisha walieleza kuwa na mfadhaiko mdogo zaidi kuliko wengine. Watu 310 si wengi, wala uchunguzi mmoja hauamui shauri, lakini wazo lenyewe ni lile la bibi na zimwi: mwenye kuogopa mara nyingi mahali pa salama, akiwa na wenziwe, hujifunza kuogopa bila kupoteza akili.

Hata Tanzania ilipita katika mjadala wa mavazi na ngoma. Operesheni Vijana, iliyotangazwa na Umoja wa Vijana wa TANU mwaka 1968 na kuanza Januari 1969, ilipiga vita sketi fupi, suruali za kubana, nywele za bandia na dawa za kujichubua. Katika dawa za kujichubua operesheni ilikuwa mbele ya wakati wake, kwani madaktari wamekuja kuzieleza kuwa ni sumu. Katika suruali, historia imetoa jibu jingine: waliokimbizwa barabarani kwa sababu ya suruali zao wamekuwa baba na babu, wengine wakuu wa idara, na taifa halikuanguka. Kadhalika watengenezaji wa filamu wa Dar es Salaam walipoanza kutoa filamu za kutisha za Kiswahili, kama Nsyuka ya Mussa Banzi mwanzoni mwa karne hii, watu walizikodi mitaani na kuzitazama pamoja, majirani wamebanana sebuleni, nao hawakugeuka wachawi.

Kwa mwalimu mkuu mwenye wanafunzi watatu au wanne wanaokaa pamoja chini ya mwembe wakati wa mapumziko, wakisikiliza muziki wa magitaa makali katika simu moja na kusimuliana filamu ya usiku uliopita, jambo la kufanya si kubwa. Na ajue majina yao. Na aulize filamu ilihusu nini. Akimwona mmoja amejitenga hata na kundi hilo dogo, hapo ndipo pa kuwa na wasiwasi, na wale wenziwe ndio watakaokuwa wa kwanza kujua sababu. Kundi likivunjwa kwa amri, habari hiyo haimfikii mwalimu tena. Afisa wa utamaduni naye, badala ya kuandika ripoti juu ya nywele, anaweza kuwapa ukumbi wa halmashauri Jumamosi moja kwa mwezi. FDJ ilifanya zaidi ya hapo.

Huko Leipzig, katikati ya mji, lingali limesimama jengo kubwa la pembe ya mviringo lililokuwa makao ya Stasi ya wilaya. Siku hizi ni makumbusho. Mwezi Januari 1992 majalada ya Stasi yalifunguliwa kwa wale walioandikwa ndani yake, na mwaka huo huo ndio mkutano wa kwanza wa watu wa nguo nyeusi ulipofanyika mjini humo. Wapo waliokuwa Grufti wakati wa ujana, sasa watu wazima wenye mvi, walioomba majalada yao na kusoma habari za kanda walizopeana, mishumaa waliyowasha, na namna walivyochana nywele zao mwaka 1986.